Duka la vitu vya zamani na zawadi Nakuru: mwongozo kamili, kuanzia kununua hadi kuuza

Mwenye duka la unga akiishiwa na mzigo hupiga simu, na kesho asubuhi lori liko mlangoni. Wewe ukiuza cherehani ya mkono ya Singer leo, hakuna kiwanda cha kupigia simu. Itabidi uitafute nyingine Njoro, Elburgon au Subukia, kwa mtu ambaye pengine hajui kwamba anayo kitu cha kuuzika. Kwa hiyo katika biashara hii kazi kubwa ni kununua. Anayenunua vizuri hata akiwa na duka dogo la ghorofani atakula. Anayenunua vibaya atakuwa na duka zuri la kutazamwa, na kodi ya nyumba itamshinda.

Nakuru imebarikiwa upande huo. Reli ilifika hapa mwaka 1900, ikafika Kisumu mwaka uliofuata. Walowezi wakajaza mashamba ya Njoro, Molo, Rongai na Solai, na Wahindi wakafungua maduka mjini. Baada ya uhuru mwaka 1963 walowezi wengi waliuza mashamba wakaondoka, na vyombo vingi vikabaki: kwa wapishi na manyapara wao, kwa vyama vya ununuzi wa ardhi, kwa shule na makanisa. Wajukuu wa watu hao sasa wanajenga upya. Sofa mpya inaingia, kabati la mvule linatolewa nje, na ukifika umechelewa utalikuta kwenye banda la kuku likihifadhi chakula cha kuku.

Hatua ya kwanza: amua utauza nini, na nini hutauza

Usifungue duka la "kila kitu cha zamani". Meza na makabati huleta heshima lakini hula nafasi, na kabati moja linaweza kukaa miezi likisubiri mtu mwenye ukuta wa kulitosha. Kwa mtu anayeanza na chumba kimoja, ningemshauri vitu ambavyo mteja anaweza kuvibeba mkononi: taa za chemni, pasi za makaa, vyombo vya bati vilivyopakwa enameli, mizani za duka, redio, taipureta, bilauri na birika za kauri, fremu za picha, masanduku ya bati, sinia za shaba. Samani weka moja au mbili tu, na zitumie kama rafu za kuonyeshea vitu vidogo.

Upande wa pili wa duka uwe zawadi mpya zilizotengenezwa na mafundi wa huku kwetu. Mawe ya Kisii yanachongwa Tabaka. Vikapu na mikeka ya magugu maji vinatoka Kisumu, hasa maeneo ya ufuoni kama Dunga. Vyungu vya Waluo, vijiko vya miti na vyondo havikosi. Vitu hivi unaweza kuagiza tena vikiisha, na bei yake ni ya mtu aliyeitwa kwenye harusi Jumamosi na amekumbuka zawadi Ijumaa jioni. Nionavyo mimi, zawadi ndizo zitakazolipa kodi mwezi mbaya. Vitu vya zamani ndivyo vitakavyomfanya mtu apande ngazi kuja kwako badala ya kwenda supamaketi. Vinahitajiana.

Hatua ya pili: gawa pesa kabla hujaigusa

Chukua mtaji wote ulio nao na uutenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni duka: kodi, amana, rangi, rafu, leseni. Uliza mapema kama anayetoka anadai gudiwili, yaani pesa za kukuachia nafasi yake, maana katikati ya mji gudiwili inaweza kupita kodi ya miezi kadhaa. Kwa biashara hii usilipe gudiwili kubwa. Mteja wako anakutafuta kwa makusudi, wala hakuhitaji uwe mlangoni pa stendi ya matatu. Chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha kubwa kinatosha.

Fungu la pili ni la bidhaa za kuanzia. Fungu la tatu, lisilopungua thuluthi ya mtaji wote, likae benki au kwenye simu bila kuguswa. Hilo ndilo litakalokufaa siku utakapopigiwa simu saa mbili asubuhi kwamba familia fulani Milimani inahama, nyumba lazima iwe tupu kufikia jioni, na wanataka mtu mmoja achukue vyote. Nafasi za namna hiyo hazingojei ukope.

Hatua ya tatu: kununua

Mahali pa kwanza ni majumbani. Waambie watu wanaoingia nyumba za watu: mafundi wa paa, madalali wa nyumba, madereva wa lori za kuhamisha, mafundi wa samani. Mwenye kukuletea habari ikazaa ununuzi, mpe kitu chake siku hiyo hiyo. Usipomlipa, habari inayofuata itaenda kwa mwingine.

Ukifika kwa watu, hasa kwa wazee, usianze na bei. Kaa, kunywa chai, uliza kitu kilifikaje hapo. "Shosho, hii pasi ilikuwa ya nani?" Atakuambia, na maelezo yake ni sehemu ya kitu unachonunua. Yaandike kwenye daftari kama alivyoyasema. Kisha mwombe yeye ataje bei kwanza. Akitaja ndogo mno kupita thamani, mwongeze. Nasema hivi kwa moyo wote, na pia kwa hesabu: familia moja ya Molo ikijua umemlaghai nyanya yao, kijiji kizima kimefungwa kwako. Hakikisha pia watoto wa nyumba hiyo wanajua. Mzee akiuza sanduku la bati la marehemu mkewe bila mwanawe kujua, sanduku hilo litarudi dukani kwako na ugomvi ndani yake.

Mahali pa pili ni minada. Wapiga mnada hutangaza magazetini na kwa mabango, na mali za hoteli, shule au ofisi zilizofungwa huuzwa kwa mafungu. Nenda siku ya kukagua kabla ya mnada, andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi, na usiipite hata mkono wako ukiwasha. Mahali pa tatu ni masoko. Kibuye mjini Kisumu, hasa Jumapili, ina vitu vya mitumba vya kila aina, na asubuhi na mapema ndipo vitu vizuri vinapotoka kwenye magunia. Wenye vibanda vya vyuma chakavu nao huokota mizani na kengele, lakini hapo ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi.

Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa chuma hicho awe na leseni, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Ukiletewa shaba au nyaya na kijana asiyeeleza zilikotoka, mrudishe. Kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama hukuiba wewe. Kwa kila ununuzi andika hati ya mauziano, hata kama ni ya kikombe: jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, simu, kitu chenyewe, bei, tarehe, sahihi. Piga picha ya kitu hapo hapo alipokitoa.

Taa na kengele za reli zinahitaji neno lake. Zilizoandikwa KUR (Reli ya Kenya na Uganda) ni za kati ya 1926 na 1948, EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki) ni za 1948 hadi 1969, na EAR peke yake ni hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Zinapendwa sana na wateja, lakini zilikuwa mali ya umma. Nunua tu ile ambayo mwenyewe ana karatasi za mnada au maelezo yanayosimama ya jinsi mzee wake alivyoipata.

Kuna vitu usivyogusa kabisa. Nyumba za zamani za mashambani zina ngozi za chui, pembe, vipini vya pembe za ndovu, magamba ya kasa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na biashara ya nyara, yaani pembe, ngozi na viungo vingine vya wanyamapori, ikafuata mwaka 1978. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, kuwa na nyara bila kibali ni kosa lenye kifungo na faini nzito. "Ilikuwa hapa tangu zamani" haitakuokoa. Hata kisu cha mezani chenye mpini mweupe, kikague kwanza. Vilevile, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa ni mambokale kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Ukidhani umekipata, wasiliana na Makumbusho ya Kitaifa kabla ya kununua, kuuza au kutuma nje ya nchi. Hapa Nakuru unaweza kuanzia Hyrax Hill. Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, na vitu vingine vya makaburi na matambiko, achana navyo kabisa.

Hatua ya nne: jua unachoshika mkononi

Nusu ya vitu vinavyoitwa vya zamani ni vya juzi. Taa za chemni, vikombe vya enameli na pasi za makaa bado vinatengenezwa na kuuzwa vikiwa vipya masokoni. Cherehani nyeusi nazo nyingi ni Butterfly kutoka China, zilizoigwa umbo la Singer. Hakuna ubaya kuziuza, mradi useme ndivyo zilivyo.

Anza na maandishi. Kauri iliyoandikwa "England" kwa kawaida ni ya baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ilianza mwaka huo kulazimisha bidhaa zitaje nchi zilikotoka. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. "Occupied Japan" ni miaka michache baada ya Vita vya Pili, hadi 1952. Singer ina nambari iliyogongwa kwenye chuma cha kitako. Kuanzia 1900 nambari hizo zilitanguliwa na herufi, na orodha zake ziko wazi mtandaoni, kwa hiyo mwaka unaupata kwa dakika chache.

Kisha mwili. Beba sumaku ndogo mfukoni: shaba halisi haivutwi. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa. Kwenye samani, geuza droo juu chini. Skrubu zenye mfuo mmoja huashiria kazi ya zamani, skrubu za nyota huashiria kazi ya baadaye au matengenezo. Mbao za pande zilizoungwa kwa meno yasiyolingana sawasawa zimekatwa kwa mkono. Nusa ndani, pima uzito, tazama kama ni mvule mtupu au plaiwudi iliyovikwa ngozi ya mvule. Matundu madogo kama ya pini ni ya bungua. Gongagonga, na ukiona unga mpya ukidondoka, wadudu wako hai. Kitu hicho hakiingii dukani kabla ya kutiwa dawa na kutengwa. Kagua kunguni kwenye mishono ya kiti chochote chenye kitambaa.

Vitu vya umeme vya zamani viko na plagi za pini za mviringo na nyaya zilizovikwa kitambaa au mpira uliokauka. Usizichomeke kujaribu. Mpe fundi wa umeme abadilishe waya wote, au ukate kabisa na kuuza redio kama pambo, na uandike hivyo.

Hatua ya tano: kusafisha bila kuua kitu

Hapa ndipo wengi huharibu pesa zao. Mteja wa vitu vya zamani anapenda alama za umri. Sinia ya shaba ikisuguliwa hadi ing'ae kama kioo hupoteza nusu ya wapenzi wake. Ndimu na chumvi hutosha, kisha maji safi, kisha kitambaa kikavu, na uache giza kidogo kwenye nakshi.

Chukua taa ya chemni iliyotoka ghalani. Mwaga mafuta yaliyobaki ndani, osha tangi kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe juani. Halafu ijaze maji na uisimamishe juu ya gazeti kavu usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na duara la unyevu, tangi limeoza kwa kutu na taa hiyo ni pambo tu. Kama ni kavu, taa inaweza kuwaka. Toa kioo taratibu kwa kuinua kofia kwa juu, kiloweke kwenye maji ya sabuni, usikikwangue. Sugua kutu kwa waya laini wa jikoni uliotiwa mafuta, si msasa. Zungusha kifaa cha kupandisha utambi. Kikikwama, tone la mafuta ya cherehani na subira ya siku nzima. Weka utambi mpya. Usipake rangi. Taa iliyopakwa rangi ya dukani haionekani tena ni ya lini, na bei yake inashuka.

Cherehani nayo ina sheria moja kubwa: usipitishe spiriti juu ya maua na maandishi ya dhahabu, yataondoka nayo. Tumia mafuta ya cherehani na pamba. Gurudumu likigoma usilazimishe. Tia mafuta kwenye matundu yote, subiri, jaribu tena kesho.

Mbao zikaushe kivulini, zipake nta ya nyuki. Rangi za kale na vyombo vya enameli vilivyobanduka vinaweza kuwa na madini ya risasi. Usisugue rangi kavu ukivuta vumbi, na chombo kilichobanduka kiuzwe cha kuwekea maua, si cha kulia.

Hatua ya sita: bei na kadi

Hesabu yako ianze na yote uliyotoa, si bei ya kununulia peke yake. Tuseme taa umeinunua shilingi 600, bodaboda 150, kioo kipya 250, utambi na mafuta 100, na kazi yako ya saa mbili umeithamini 300. Imekugharimu 1,400. Ongeza sehemu yake ya kodi ya duka, na ukiuza chini ya 2,300 unajidanganya. Vitu vinavyokaa muda mrefu viwe na faida kubwa zaidi, kwa sababu vinakulia nafasi kila mwezi.

Andika bei. "Bei njoo inbox" huwafukuza watu wenye pesa na kukubakishia wenye muda. Ukitaka kuacha nafasi ya kupatana, iache ndani ya bei, asilimia 10 hivi, na ujue mapema utakapogoma.

Kila kitu kiwe na kadi ndogo ya mwandiko: ni nini, cha miaka gani takriban, kilikotoka, nini kimebadilishwa. Kama hujui umri wake, andika "umri haujulikani". Kama kioo ni kipya, andika. Mteja anayekuta umemwambia kasoro kabla hajaiona atarudi na dada yake. Hapa ndipo lile daftari la shosho linapofanya kazi: "Pasi ya familia moja ya Molo, ilitumika hadi umeme ulipofika" ni maneno yanayouza, mradi ni ya kweli na familia imekubali.

Hatua ya saba: duka na wateja wake

Panga kama nyumba: pembe ya jikoni, pembe ya sebule, meza ya zawadi karibu na mlango yenye vitu vya chini ya 1,000. Taa za balbu ya manjano, si za buluu. Acha nafasi ya mtu kupita na mtoto bila kuogopa.

Wateja ni zaidi ya watalii wa ziwani. Kuna wenye mikahawa na nyumba za kupangisha kwa siku, Nakuru na Naivasha, wanaotafuta mapambo. Kuna wapambaji wa harusi na wapiga picha, na hao usiwauzie tu: wakodishie. Masanduku ya bati, cherehani na taa za chemni vinaweza kukodishwa wikendi baada ya wikendi. Kasri la Lord Egerton kule Njoro, lililojengwa kati ya 1938 na 1954, huvuta maharusi wa kupiga picha, na mapambo yao yanatoka mahali fulani. Chukua amana inayolingana na bei kamili ya kitu, piga picha kabla hakijatoka, na urudishe amana baada ya kukikagua. Mahafali ya Chuo Kikuu cha Egerton, Siku ya Mama mwezi Mei na Desemba ndiyo majira ya zawadi. Anza kukusanya mwezi mmoja kabla.

Mtandaoni, piga picha karibu na dirisha asubuhi, weka rula kando, onyesha ufa kwa karibu. Stetasi ya WhatsApp yenye vitu vitatu kila siku, saa ile ile, huuza kuliko ukurasa mkubwa usioguswa. Pesa ya M-Pesa ikitumwa, soma ujumbe kwenye simu yako ya til. Usiridhike na ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo weka mifuko ya khaki, magazeti na katoni. Kitu cha kauri kinachopelekwa Nairobi kwa gari la sako kifungwe kila kipande peke yake, kiingie katoni ndogo, na katoni hiyo ndani ya kubwa yenye gazeti lililokunjwakunjwa pande zote. Itikise. Ukisikia chochote kikigonga, fungua uanze upya.

Hatua ya nane: karatasi

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, chukua PIN ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha zimamoto. Leseni ya kaunti hupangwa kwa ukubwa na aina ya duka, kwa hiyo eleza biashara yako kwa usahihi usije ukawekwa daraja lisilo lako. Mauzo ya mwaka yakizidi shilingi milioni 1 lakini hayajapita milioni 25, unaingia kwenye kodi ya mauzo, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja, basi kiangalie kwenye iTax kila Julai. Inatozwa kwenye mauzo yote, hata kama faida ni nyembamba, na hiyo lazima iwe ndani ya bei zako tangu mwanzo. Stakabadhi zitolewe kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa stakabadhi za kielektroniki.

Daftari la kila siku liwe na safu tano: kitu, bei ya kununulia, gharama za kukitengeneza, tarehe kilipoingia, tarehe na bei kilipouzwa. Kila mwisho wa robo mwaka, toa kwenye rafu chochote kilichozidi miezi 6. Kishushe bei, kikodishe, au kipeleke kwa mwenzako wa Kisumu mbadilishane, maana kilichochosha macho ya watu wa Nakuru ni kipya kabisa kule Oginga Odinga Street.